Ombi la Kuondolewa Kwenye Kumbatio la Jumamosi

Chumba cha Pazia,
Nyuma ya Duka la Dawa.
Jumatano, katikati ya Wiki ya Amani.

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti,
Kamati ya Wiki ya Amani ya Mtaa.

Shikamoo Mwalimu,

KUHUSU: KUFUTWA KWA JINA LANGU NA LA WIFI YANGU KATIKA RATIBA YA KUFUNGA WIKI

Natumaini barua hii inakukuta mzima na goti lako limetulia. Mimi ni mwanafunzi wako wa zamani, yule wa dawati la dirishani, ambaye siku hizi mtaa mzima unaniita Mama Pindo kwa sababu ya kazi yangu ya cherehani. Wewe ndiye uliyetufundisha kuandika barua rasmi. Ulisema tuanze na salamu, tupange hoja kwa namba, na tusimtukane mtu. La kwanza nimeshalitimiza. La pili linafuata. La tatu nitajitahidi, ila naomba uniwie radhi nikifika kwa Katibu wako.

Kabla ya yote, mtu asije akasema kwamba mimi napinga amani. Bango lililotundikwa juu ya barabara nimelishona mimi. Herufi zile nimezikata kwa mkono wangu, na ile N inayoning'inia imeng'olewa na upepo, mshono wangu hauna kosa. Juzi nimeandamana kutoka zahanati hadi sokoni nikiwa na viatu vinavyobana, nikiimba. Jana asubuhi nimezibua mtaro pamoja na wanakamati, na wanakamati wengine wanajua ni nani walioshika koleo na ni nani walioshika simu wakipiga picha. Leo nimesikiliza hotuba ya kusikilizana mpaka msemaji mwenyewe akachoka. Kwa hiyo amani naiunga mkono kwa mikono na miguu.

Ninachokilalamikia ni kipengele cha mwisho kabisa cha ratiba, kilichoandikwa kwa wino mwekundu: "Jumamosi alasiri, Upatanisho wa Hadharani. Mahasimu wawili wa mtaa kukumbatiana jukwaani." Mahasimu hao ni mimi na wifi yangu, dada wa mume wangu, yule msusi anayeitwa Mkono Mwepesi. Malalamiko yangu ni haya.

1. Tumeitwa mahasimu.

Gari la matangazo lilipita Jumapili. Mtangazaji wenu ndiye yule yule anayetangaza magodoro ya bei ya kutupa, na sauti hakubadilisha. Alipoanza kusema, "Wapendwa, msikose, ni Jumamosi hii tu!" kina mama walitoka nje na pochi zao. Ndipo akatutaja. Alisema mahasimu wakubwa, ambao hawajasemezana kwa miaka sita, watakumbatiana mbele ya macho yako, njoo na familia. Alipofika kwenye mlango wetu akapunguza mwendo, akarudia tangu mwanzo. Baba watoto wangu alikuwa anakunywa chai, na ile chai ikatokea puani.

Mwalimu, hasimu ni neno zito. Hasimu anakuombea mabaya. Mimi na wifi yangu tumenuniana tu, na kununiana ni jambo la kifamilia lenye adabu zake. Watoto wake wananiamkia, nami naitikia. Kukiwa na shughuli, sahani yake naiweka kando na kuifunika. Hatujawahi kurushiana hata kitana, na katika chumba kile vitana ni vingi. Kilichopo ni kwamba hatusemezani, basi.

Na chanzo chake si siri, maana walioshuhudia walikuwa ukumbi mzima. Ilikuwa harusi ya mdogo wa mume wangu. Mimi, fundi wa familia, nikaingia na kumwona wifi yangu amevaa gauni lililoshonwa na fundi mwingine. Yeye, msusi wa familia, akaniangalia akaona nimesukwa na msusi mwingine. Yeye anasema mimi ndiye niliyeanza. Mimi nasema angalia tarehe ya risiti ya gauni lake. Tukakaa meza moja usiku ule, tukala, tukapiga picha, na neno halikutoka tena.

2. Namna tulivyopatikana haikuwa ya haki.

Katibu wako, ambaye siku za kawaida anauza bima na hajui maana ya neno hapana, alipita mlango kwa mlango akitafuta watu waliogombana. Akaanza na wauza nyama wawili ambao wamefikishana mpaka mahakamani kwa ajili ya kizingiti. Wakamwambia wao ni kama pacha, na mmoja akampiga mwenzake begani kwa mapenzi mpaka akayumba. Akaenda kwa mwenye nyumba wa pale kwenye kona na wapangaji wake, ambao kelele zao sote tunazijua. Wakajibu kwa pamoja kwamba wanaelewana sana, na mpangaji mmoja akajitolea kumshika mkono mwenye nyumba ili ionekane. Kila bingwa wa ugomvi katika mtaa huu aliponusa harufu ya jukwaa akawa mtu wa amani.

Ndipo akaingia kwetu. Wifi yangu uongo hauwezi, hilo nampa. Akamjibu wazi, huku amekamata kichwa cha mtu, kwamba hajasema nami tangu ile harusi. Katibu akanigeukia mimi. Nami nikasema ni kweli. Akafurahi kama mtu aliyeokota simu.

Sasa naomba Kamati itafakari. Walioongopa watakaa viti vya mbele Jumamosi wakipiga makofi na kula vitafunio. Waliosema kweli watapandishwa jukwaani kama washtakiwa. Kwa mpango huu, mwakani mtakapopita kuuliza, hata sisi tutakuwa pacha.

3. Kazi zetu zinaendeshwa na huko kununiana.

Hili Kamati haikulifikiria kabisa. Chumba chetu ni kimoja, mlango mmoja, na soketi ya umeme ni moja. Tulikikodi pamoja zamani, na hakuna kati yetu aliyekubali kuwa yeye ndiye wa kuhama. Nikashona pazia, nikalipitisha katikati. Yeye yuko upande wa kioo, mimi niko upande wa dirisha. Nikiwasha pasi wakati yeye anakausha nywele, umeme wa chumba kizima unakatika na wa duka la dawa pia. Kwa hiyo ni lazima tuelewane, na tunaelewana kupitia wateja.

Anasema, "Mwambie huyo wa cherehani azime pasi, nina kichwa kibichi hapa." Mteja anaurudia ujumbe akiwa ametazama ukutani, maana shingo haiwezi kugeuka. Nami najibu, "Mwambie huyo wa vichwa asubiri nimalize kola." Umeme haujakatika kwa kosa letu hata siku moja. Nimesikia wakubwa wenye ofisi na simu tatu tatu wakishindwa kupangiana zamu ya gari moja.

Wateja wenyewe wamekuwa hodari. Kuna muuguzi mmoja ambaye ningeweza kumkabidhi nchi. Siku moja nilipandisha hasira nikasema, "Mwambie nywele zake zinanirukia kwenye kitambaa, kwani anafuga paka huko?" Muuguzi akasema kwa upole kabisa, "Dada, anaomba ufagie kidogo hapo chini." Wifi akafagia. Wengine wanakuja kusukwa hata nywele hazijachakaa, ili tu wasikie leo imejibiwa nini. Mmoja alikubali kufumuliwa mistari miwili na kuanzwa upya kwa sababu nilikuwa sijamaliza jibu langu.

Na si maneno ya kazi tu yanayopita pale. Mwaka juzi kifua kilinibana, nikawa nashona huku nakohoa. Nikasikia upande wa pili, "Mwambie huyo kuna mtu amesahau dawa ya kikohozi hapa mezani, kama anaitaka aichukue." Chupa ilikuwa haijafunguliwa na karatasi ya bei bado ipo. Nami, binti yake alipoanza shule, nilining'iniza sare mpya kwenye fimbo ya pazia, nikamwambia mteja kuna mtu kaisahau. Ilimkaa sawasawa yule mtoto. Tukipatanishwa, Mwalimu, haya yote yatafanyika kwa njia gani?

4. Maandalizi yamevuka mpaka.

Katibu ameagiza kwamba siku hiyo tuvae magauni meupe ya kufanana, niyashone mimi. Kisha nisukwe na yeye, Ijumaa, ili, nanukuu, "picha ikae vizuri." Inaonekana bwana huyu hajawahi kushonewa wala kukaa karibu na mtu anayesukwa.

Gauni linahitaji vipimo. Jana, baada ya mtaro, nilimpa tepu mteja wake, mwalimu wa chekechea aliyekuwa amesukwa nusu ya kichwa. Akampima wifi upande ule, nami nikawa naandika upande huu. Bega likaja sawa. Kifua kikaja sawa. Kiuno nikakikataa. Kiuno kile nakijua tangu sijaolewa na kaka yake, na hicho kilichosomwa hakikuwa chake. Nikasema, "Mwambie aachie pumzi." Mteja akasoma namba nyingine. Nilisikia mtu akicheka nyuma ya pazia, na sina hakika kwamba alikuwa mteja.

Lakini gauni si kitu. Nywele ndizo zinazoninyima usingizi. Kusukwa hakupiti kwa mtu wa tatu. Ni kukaa chini, kuinamisha shingo, na kumkabidhi mtu kichwa chako kwa muda wote atakaotaka yeye. Tutakaa pale kutwa nzima, vidole vyake kichwani mwangu, na hakuna wa kuambiwa "mwambie huyo," maana huyo ni mimi mwenyewe. Nimemuuliza Katibu tutafanyaje. Akaniuliza kama nina bima ya maisha.

5. Baba watoto ataathirika.

Kwa kifupi. Mume wangu ndiye mtu pekee anayesikia pande zote mbili. Jioni hupitia kwa dada yake, akapewa chakula kizuri ili aseme mimi nimesema nini. Akifika nyumbani nampa chakula kizuri ili aseme dada yake amesema nini. Mwenyewe anajiita mpenda amani, na kwenye maandamano alibeba kibao. Lakini tangu gari la matangazo lipite amekosa raha, na jana alinisihi nisikurupuke. Kamati imejiandaa vipi kumlisha?

6. Hili sikutaka kuliandika.

Mwalimu, ulitufundisha kwamba hoja yenye nguvu iwekwe mwisho. Hii haina nguvu, ila ndiyo ya kweli, kwa hiyo naiweka hapa.

Jana jioni tuliitwa ukumbini kufanya mazoezi ya kukumbatiana. Katibu alisema tusikumbatiane sisi kwa sisi kabla ya siku yenyewe, eti machozi yasije yakaisha. Mimi nikapewa Mtunza Hazina nimkumbatie. Wifi yangu akapewa ufagio wa ukumbi. Katibu akahesabu mpaka tatu. Mtunza Hazina alikuwa mkavu kama kiti, na wala simlaumu, maana mkewe alikuwa mlangoni. Lakini nilimwona wifi yangu juu ya bega la yule bwana. Aliukumbatia ule ufagio vizuri. Aliuegemeza kichwa, akafumba macho. Na mimi, mtu mzima mwenye watoto, nikasimama pale nikiuonea wivu ufagio.

Tangu hapo sijatulia. Naogopa. Kununiana nimekuzoea, najua kila asubuhi kunaanzia wapi. Kukumbatiana sikujui tena. Je, nikifungua mikono yangu pale jukwaani, mtaa mzima unatazama, na yeye asifungue yake? Kwenye pazia, akikaa kimya, huwa najiambia labda mteja hakufikisha ujumbe. Jukwaani hakuna mteja wa kumsingizia. Nitarudi vipi kwenye chumba kile Jumatatu, nikawashe pasi, na wa kushirikiana naye soketi ni huyo huyo? Bora niendelee kumsikia nyuma ya kitambaa kuliko kumpoteza mbele ya watu.

Kwa sababu hizo sita, naomba Kamati yako tukufu ichague moja kati ya haya. Ama itufute kwenye ratiba na kuwarudia wauza nyama, ambao naahidi kuwatolea ushahidi wa kizingiti kwa maandishi. Ama kama wino mwekundu haufutiki, Wiki ya Amani itangazwe rasmi kuwa ya mtaa wote isipokuwa chumba kilichoko nyuma ya duka la dawa, na gari lipite tena kusema hivyo, bila sauti ya magodoro. Ama, na hili ni la mwisho, ule ufagio upandishwe jukwaani uchukue nafasi yangu. Umeshafanya mazoezi.

Msimamo wangu hautabadilika. Mimi na wifi yangu hatutapatana kwa amri ya Kamati, kwa ratiba, wala kwa bendi ya jukwaani, na tusisukumwe.

Nisalimie Mzee wa nyumbani kwako na wajukuu. Wasalimie wanakamati wote walioshika koleo. Mtunza Hazina umwambie sina kinyongo naye, na mkewe umwambie vivyo hivyo kwa sauti kubwa zaidi. Katibu naye msalimie, ila asichukulie salamu hii kama nia ya kununua bima.

Aliyekuwa mwanafunzi wako mtiifu, na bado anajitahidi,

Mama Pindo,
Fundi cherehani, upande wa dirisha.

Baada ya kusaini:

Mwalimu, ulituambia barua rasmi isomwe kwanza kwa sauti na mtu mwingine ili makosa yajitokeze. Nikampa mwalimu wa chekechea, aliyekuwa amerudi kumaliziwa kichwa. Ni mtu wa watoto wadogo, hajui kusoma kwa sauti ya chini. Alisoma kama anayesimulia hadithi darasani, akibadilisha sauti kila nilipomnukuu mtu. Nilikuwa nimeshughulika na mkono wa koti, nikafurahi kuona barua inavyotiririka, na mpaka alipofika namba sita ndipo nilipokumbuka kwamba kichwa anachosomea kimeshikwa na nani, na kwamba pazia ni kitambaa tu. Niliinuka kumnyang'anya karatasi. Nilichelewa. Aliisoma yote, mpaka ufagio, mpaka Jumatatu.

Kitana kikanyamaza. Nikamsikia wifi yangu anaanza, "Mwambie huyo..." na hakumaliza. Kisha pazia likavutwa kwa nguvu mpaka pete moja ikakatika, na akanitazama mimi usoni, akasema, "Hata mimi naogopa hivyo hivyo. Na wewe unakuja kumwambia Mwalimu kabla hujaniambia mimi?" Mwalimu wa chekechea alilia kwa niaba yetu sote, bila kuhesabiwa mpaka tatu.

Hivyo malalamiko ya kwanza hadi ya sita uyaache kama yalivyo, ila usiyafanyie kazi. Kwenye kipengele cha mwisho utafute wengine, maana sisi hatuna tena cha kuleta jukwaani. Tutakuja kukaa viti vya mbele na kula vitafunio pamoja na waongo.

Naomba radhi kwa mwandiko wa sehemu hii. Umepinda kwa sababu naandika nikiwa nimekaa chini, karatasi iko juu ya goti, na kila nikiinama wifi ananivuta kichwa nyuma na kuniambia nitulie. Mwalimu wa chekechea yuko kwenye benchi na nusu yake, tumemwomba asubiri. Nimemwambia wifi mwenyewe, kwa mdomo wangu, kwamba mistari anaibana sana. Amesema halegezi.